Seti ya ndege ya plastiki kwa anayeanza: rangi poa, brashi haifai kabisa

Jamani nimemaliza kuiunga ile ndege ya plastiki. Ni Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, ya skeli 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), ukiimaliza ina kama sentimita 13, fupi kuliko peni. Niliagiza seti ya wanaoanza, ndani unakuta vipande kwenye fremu, gundi, vikopo 4 vya rangi ya akriliki na brashi. Ilifika Dar ikapakiwa basi, nikaipokea stendi hapa Mtwara boksi limebonyea kona moja ila vipande vyote vipo. Mama watoto kusikia nimenunua "kit" (seti kwa Kiingereza) akadhani ni kiti, akaniuliza kitakaa wapi na sebule yenyewe ndo hii.

Rangi ni nzuri, haina harufu ya tina na brashi unasuuza na maji tu. Tatizo nilikuwa mimi. Nilikaa barazani saa nane mchana na joto la mtaa wetu wa Shangani mnalijua, nikapaka nzitonzito kama napaka mlango, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye bawa, ukirudia palepale inachubuka, na ile mistari midogo inayoonyesha maungio ya mabati yote ikafukiwa, ndege ikawa kama imemwagiwa uji.

Nikailoweka kwenye Dettol usiku kucha, asubuhi nikasugua na mswaki wa zamani ikatoka yote. Ila angalieni, msikimbilie kusuuza na maji, inageuka ulimbo, suuza kwanza na Dettol hiyohiyo mpaka rangi iishe ndo uende kwenye maji ya sabuni.

Mara ya pili nikapaka usiku, rangi nimeizimua na matone ya maji mpaka ikawa kama maziwa. Mkono wa kwanza wa rangi unatia huruma, plastiki yote inaonekana, usiogope, mkono wa tatu kijani na kahawia vimekaa safi kabisa.

Brashi ya kwenye seti tupa, inanyonyoka nywele, na nywele mbili zimekaukia kwenye bawa langu la kushoto mpaka leo. Nunua ndogo stesheneri, na kukatia vipande neilkata inatosha. Stika unaloweka kwenye maji kidogo tu, zinateleza zenyewe.

Anayeanza anunue? Ndio. Propela ilitakiwa izunguke, yangu niliizidishia gundi, mwanangu kila akirudi shule anaipuliza wee, haisogei.