Kununua tredimili ya nyumbani: ipi iwe ya kwanza, ipi iwe ya mwisho

Ukiingia duka la vifaa vya mazoezi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kitu cha kwanza utakachooneshwa kwenye tredimili, ile mashine ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda unaozunguka, ni kibandiko cha HP, yaani nguvu ya farasi, kipimo cha nguvu ya mota. Hii HP 3, ile HP 4.5, ya pembeni HP 6. Kibandiko hicho ndicho kinachouza mashine, na ndicho kinachowapoteza wanunuzi wengi.

HP moja ni wati 746. Soketi ya kawaida ya nyumbani hubeba ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni takriban wati 2,990, yaani HP 4 hivi, hata kama mota isingepoteza chochote njiani. Kwa hiyo mashine ya "HP 6" inayochomekwa kwenye soketi ileile ya pasi haiwezi kukupa HP 6 kwa nusu saa. Namba hiyo ni kilele ambacho mota hukigusa kwa sekunde chache tu. Uliza nguvu ya mfululizo, ambayo kwenye karatasi za kiwanda huandikwa CHP. Muuzaji asipoijua, inama usome kibati cha umeme karibu na swichi ya kuwashia. Kikisema wati 1,100, hiyo ni HP moja na nusu, kibandiko kiseme kinachosema.

Kwa kutembea, CHP 1.5 inatosha. Kwa kukimbia polepole tafuta 2.0 hadi 2.5. Anayekimbia kweli, nusu saa na kuendelea, au mwenye zaidi ya kilo 100, asishuke chini ya 3.0. Halafu tazama uzito wa mtumiaji unaoruhusiwa, uwe umezidi uzito wa mtu mzito kuliko wote nyumbani kwa kilo 20 hadi 25. Mtu akikimbia, kila mguu unatua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na anayeipokea ni ubao, rola na mota.

1. Tredimili ya kukunja ya daraja la kati

Familia nyingi zinunue hii. Vipimo vyake: mkanda wenye upana wa sm 45 hadi 50 na urefu wa sm 125 hadi 140, CHP 2.0 hadi 2.5, mwendo wa hadi kilomita 14 au 16 kwa saa, na mashine yenyewe iwe na kilo 55 hadi 80. Huo uzito wa mashine uuchukulie kwa makini, kwa sababu ni vigumu kuudanganya. Chuma chembamba ni chepesi, na mashine nyepesi hutikisika ukifika kilomita 10 kwa saa, skrini inacheza na boliti zinalegea mwezi hadi mwezi.

Upana wa sm 40, ambao umejaa kwenye mashine za bei ya chini, unatosha kutembea. Ukikimbia nao utajikuta unaangalia miguu badala ya mbele, ukiogopa kukanyaga pembeni. Mtu mwenye urefu wa zaidi ya sm 180 achukue mkanda wa sm 140 au zaidi, la sivyo atakuwa anafupisha hatua.

Ubao ulio chini ya mkanda uwe na unene wa mm 15 kwenda juu. Mm 18 ni bora. Mwinuko wa kubadilisha kwa mota ni mzuri lakini unaongeza kitu cha kuharibika. Ule wa kuinamia na kuhamisha pini kwa mkono una ngazi tatu tu na haubadiliki ukiwa unatembea, ila haufi. Kama lengo ni kupunguza uzito kwa kutembea, lipia wa mota: kutembea kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 8 kunaupa moyo kazi kubwa bila kuyaumiza magoti kama kukimbia. Kwenye kukunja, dai ile yenye bomba la haidroliki linaloshusha ubao taratibu. Bila hilo, kilo 40 zinaweza kuangukia vidole vya mtu.

2. Tredimili bapa ya kutembelea

Hii ni ile isiyo na nguzo, au yenye nguzo fupi ya kukunja, inayosukumwa chini ya kitanda. Huwa na kilo 25 hadi 30, mkanda wa sm 40 hadi 42 na mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Kwa mkazi wa ghorofa anayetaka hizo dakika 150 tu, mashine hii inatosha kabisa, na jirani wa chini hatasumbuliwa na vishindo vya kukimbia.

Mipaka yake ni ya kweli pia. Mota ni ndogo na imebanwa mahali pembamba, hivyo hupata joto. Ipumzishe baada ya dakika 45 hivi. Usimnunulie mzee au mtu mwenye kizunguzungu mashine isiyo na pa kushika. Na ukiona ya bapa inayojitangaza kufika kilomita 12 kwa saa, iache: mkanda wa upana huo bila nguzo si mahali pa kukimbilia.

3. Tredimili nzito ya mkimbiaji

CHP 3.0 au zaidi, mkanda wa sm 51 hadi 55 kwa 150, kilomita 18 hadi 20 kwa saa, kilo 100 na kuendelea. Anayejiandaa kwa nusu marathoni na hawezi kutoka alfajiri hatajuta. Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu ya nyumba zetu, ubora wake hauna shida. Pima mlango, kona ya ngazi na chumba kabla ya kulipa. Dari nayo: chukua urefu wako, ongeza kimo cha ubao mwinuko ukiwa juu kabisa, kisha ongeza sm 20 za kurukaruka.

4. Iliyotumika kutoka jimu

Inaweza kuwa nunuo zuri kuliko zote hapa, au hasara tupu. Mashine za jimu nyingi zina mota ya AC isiyo na makaa ya kubadilisha (vipande vya kaboni vinavyochakaa ndani ya mota), fremu nene, na hudumu. Lakini soma kibati kwanza. Iliyoletwa kutoka Marekani huenda ni ya volti 110 hadi 120. Ukiichomeka kwenye 230 bodi inayoongoza mota inaungua papo hapo, na transfoma ya kuishusha lazima ibebe wati zote za mashine na zaidi.

Vua kifuniko cha mota, tafuta kutu na vumbi lililoganda. Ingiza mkono chini ya mkanda: ubao uwe laini kama kioo. Ukigusa mfereji au sehemu iliyochakaa, ubao na mkanda vinabadilishwa pamoja, maana mkanda mpya juu ya ubao mbovu unaisha haraka. Pima na mwendo wake. Weka alama ya chaki kwenye mkanda, pima mzunguko wake mzima kwa futi kamba, kisha washa kilomita 6 kwa saa. Hiyo ni mita 100 kwa dakika. Mkanda wa mita 2.8 unapaswa kupita mara 36 hivi. Ikipita 30, mashine inakuhesabia kilomita ambazo hujatembea.

5. Ya kujisukuma yenye mkanda uliopinda

Haitumii umeme kabisa, miguu ndiyo mota. Ni ghali, ni nzito, na inachosha kuliko ya umeme kwa mwendo uleule. Ifikirie kama umeme wa kwenu haueleweki na mfuko unaruhusu.

Za mwisho: "nne kwa moja" na ya kujisukuma iliyo bapa

Ile yenye mkanda wa kutikisa tumbo, sahani ya kuzungusha kiuno, kibao cha sit-apu na vyuma vidogo huvutia kwa kuwa unaona vitu vinne kwa bei ya kimoja. Mtikiso wa tumbo hauchomi mafuta. Pesa iliyoingia kwenye hivyo vya ziada imetolewa kwenye mota, mkanda na fremu, na ndiyo maana mkanda wake mara nyingi ni sm 40 au pungufu. Ya kujisukuma iliyo bapa nayo haizunguki mpaka uiinue mbele na kuegemea vishikio, mkao unaoumiza mabega na kiuno.

Umeme ndio unaoua mashine nyingi

Kinachoungua kwa kawaida ni bodi inayoongoza mota. Jioni umeme ukishuka hadi volti 180, mota inavuta ampea zaidi ili ishike mwendo uleule, na bodi inapata joto. Umeme ukirudi ghafla baada ya kukatika, unaweza kuja na mruko. Weka frijigadi yenye ampea 13 au zaidi. Ile ndogo ya televisheni haifai. Kwenye mtaa ambao umeme huyumba kila siku, stebilaiza ya kVA 3 hadi 5 ni sehemu ya bei ya tredimili, na uihesabu tangu dukani.

Mashine iwe na soketi yake, isishirikiane na pasi wala birika. Usitumie ekstensheni nyembamba, na usikate pini ya ethi au kuweka adapta ya pini mbili, kwani fremu yote ni chuma na wewe unatoka jasho. Kwa inveta ya sola, hakikisha inatoa wimbi safi (pure sine wave) na ina nafasi ya wati kwa ule mvuto wa kuanzia. Saa moja ya kutembea hula kati ya nusu uniti na uniti moja. Umeme ukikatika unakimbia, mkanda hukwama ghafla: vaa kamba ya ufunguo wa usalama na mikono iwe karibu na vishikio.

Mafuta, unyevu na watoto

Mkanda mkavu unaongeza msuguano, mota inavuta ampea zaidi, bodi inaungua. Mlolongo ni huohuo kila mara. Paka silikoni halisi kwa asilimia 100, mililita 15 hadi 30, chini ya mkanda kila miezi mitatu au ukiona ubao umekauka. Mafuta ya kupikia, ya cherehani au ya kulegeza kutu yanaharibu mkanda. Mkanda ukihamia kushoto, washa kilomita 4 kwa saa na kaza boliti ya nyuma ya kushoto robo mzunguko, subiri dakika moja, uangalie tena. Mkazo sahihi ni kuweza kuunyanyua katikati kwa sm 5 hadi 7.

Pwani, chumvi ya hewani hula rola na boliti, na ubao wa mbao za kusagwa huvimba ukilowa. Usiiweke barazani wala karibu na dirisha la upande wa bahari.

Nyuma acha mita 2 wazi, pembeni nusu mita. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliwaita wateja warudishe tredimili zake za Tread+ zipatazo 125,000 nchini Marekani baada ya watoto kuvutwa chini ya mashine na mmoja kufariki. Kwa hiyo ufunguo wa usalama ukitoka kwenye mashine, uende juu ya kabati.

Dukani

Nenda na viatu vyako, na aende yule mzito wa nyumbani. Atembee dakika 10, akimbie 5. Kwa kilomita 3 kwa saa, akiwa ameshika vishikio, akanyage kwa nguvu kama anayefunga breki: mkanda usiteleze wala kusitasita. Nusa karibu na mota. Kisha uliza bei ya bodi, mkanda na kihisi cha mwendo cha mashine hiyohiyo, na kama vipo stoo leo. Kihisi ni kipuri cha bei ndogo, lakini kikifa mkanda huanza na kusimama baada ya sekunde chache, na bila spea mashine nzima inageuka kuwa ya kuanikia nguo. Waranti ya mota ya miaka mingi haina maana kama bodi imepewa miezi mitatu. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na nani analipa usafiri wa fundi.