Godox AD200 kwenye harusi na sherehe za kipupwe, Unguja

Tuanze na bei, maana najua wengine mtashuka hadi chini kuitafuta. Taa hii ya flashi, AD200, ikiwa mpya ilikuwa ikiuzwa kama dola 300 hivi, kabla ya nauli na ushuru, na hapo hujanunua triga ya kuiwasha kutoka kwenye kamera wala stendi ya kuisimamishia. Si pesa ndogo kwa mpiga picha wa hapa. Lakini kama una bodi (kamera yenyewe, bila lenzi) inayofanya kazi, hata iwe kuukuu, mimi nasema nunua taa hii kabla hujaanza kuota bodi nyingine. Yangu ni Canon 6D, kamera iliyotoka mwaka 2012, na lenzi inayoshinda juu yake ni ile 50mm f/1.8 ya bei chee. Sijapata mteja aliyeuliza kamera yangu ni ya mwaka gani. Wanachouliza ni kwa nini picha za harusi ya dada mtu uso ulitoka wa kijivu.

Kwa asiyeijua: AD200 ni kisanduku cheusi kirefu kinachoingia kwenye mkoba wa mkono, chenye nguvu ya wati-sekunde 200. Kina vichwa viwili vya kubadilishana, kimoja bapa kama cha flashi ya kawaida, kingine ni balbu tupu iliyochomoza nje. Betri yake ni ya lithiamu, ya kwake peke yake, na kiwandani wanasema chaji moja inatoa mapigo kama 500 kwa nguvu kamili. Kwa kuwa ukumbini sipigi kwa nguvu kamili hata mara moja, betri moja inanivusha usiku mzima. Enzi za kutembea na mfuko wa betri za AA na kuzibadilisha gizani huku bibi harusi anaingia, zile nimezisamehe.

Sasa kazi yenyewe. Julai na Agosti ndiyo miezi ya ndugu kurudi. Skuli za Ulaya zinafungwa, wa Muscat wanakimbia joto lao, basi harusi zinapangwa zikutane na likizo. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni upande wa wanawake, kule ambako simu zinaachwa mlangoni na picha hazitoki nje ya familia. (Ndiyo maana hapa hamtaona mfano hata mmoja. Msiniombe.)

Nyumba za Mji Mkongwe zina mtihani wake. Dari liko juu mno, limepangwa boriti, na kuta mara nyingi zimepakwa rangi ya mafuta, kijani au buluu ya maji. Ukiweka flashi juu ya kamera na kuielekeza ukutani ili mwanga urudi laini, unarudi na rangi ya ukuta. Bibi harusi aliyepambwa kutwa nzima anatoka kijani kama mgonjwa. Ukiielekeza juu, mwanga unapotelea kwenye boriti. Ukimwelekezea usoni moja kwa moja, ndiyo ule uso wa kijivu wenye paji linalong'aa mafuta.

Nilichokuja kutulia nacho ni hiki: balbu tupu, ndani ya mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, stendi ikiwa ubavuni mwa bibi harusi kama hatua mbili, juu kidogo ya usawa wa macho. Nguvu ya taa 1/16, ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi). Balbu tupu inatupa mwanga kila upande na kuujaza mwavuli wote, ambapo kile kichwa bapa kinawasha duara la katikati tu. Tofauti nimeiona kwanza mikononi. Piko ni nyeusi, hina ni nyekundu iliyokolea, na kwa flashi ya juu ya kamera vyote viwili vilikuwa vinatoka doa moja la kahawia. Kwa mwavuli wa ubavuni, mstari wa piko unakaa juu ya ngozi na ua la hina linaonekana hadi ncha ya kidole. Ngozi nyeusi umbo lake unalisoma kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Ukiipa taa ndogo, mng'ao unakuwa nukta kali. Ukiipa taa pana, unatambaa shavuni polepole na uso unapata umbo.

Somo wa bibi harusi mmoja, aliyekuwa pembeni, aliitazama taa muda mrefu, kisha akaniuliza, "We mtoto, hilo litaa lako halimuyeyushi piko?"

"Hapana bibi, halina moto."

"Haya. Basi na mimi nipige moja, kabla sijala."

Jambo la pili ni jeli, kile kipande chembamba cha plastiki kinachopitisha mwanga, ya rangi ya chungwa. Mwanga wa AD200 uko kwenye 5600K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na mwanga wa mchana. Balbu za manjano za majumbani ziko kama 3000K. Bila jeli utapata bibi harusi mweupe-buluu mbele ya chumba cha machungwa. Kipande cha jeli mbele ya balbu, kamera ukaipangia rangi ya balbu za ndani, na chumba na mtu vinakubaliana. Hicho ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mkoba wangu na ndicho kinachosifiwa zaidi na wateja bila wao kujua wanasifu nini.

TTL ipo, yaani taa kujipimia yenyewe. Mimi nimeizima. Ukumbi wenye mabuibui meusi mia unaidanganya ikamwaga mwanga, gauni jeupe likitokea ikabana. Umbali wa taa na mtu ukiwa haubadiliki, nguvu unayoipanga mwenyewe inatosha na haina mshangao.

Nje ni habari nyingine. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Julai, jua la mchana na vumbi. Wakati wanaume wanachapana kwa migomba, usiingie na stendi yoyote. Hapo ni lenzi fupi, shata (mlango wa kamera unaofunguka kupokea mwanga) ya haraka na macho ya kuangalia mgomba unatoka wapi. Kibanda cha makuti kinapochomwa, zima flashi kabisa. Vumbi na majivu yaliyo karibu na lenzi yanapokea mwanga kwanza, na picha inajaa madoa meupe wakati moshi, ambao wazee wanatazama unaelekea wapi, haujaguswa.

Lakini wanawake wakishazunguka na nyimbo zao, wakaja kupumzika kivulini, hapo AD200 inalipa nauli yake. Nyuma yao uwanja unawaka, wao wako kizani, na nguo za siku hiyo si za kupotezwa kizani. Kwa 6D, flashi ya kawaida haivuki shata ya 1/180. Jua la saa saba ni kama f/13 kwa 1/160, ISO 100, na ukitaka uwanja wa nyuma ufifie kwa f/2.8 unahitaji kama 1/3200. Triga ya Godox inaruhusu shata hiyo, ila taa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kufanya hivyo. Basi isogeze karibu, mita moja na kitu, nje kidogo ya fremu. Ukiirudisha mara mbili ya umbali, unabaki na robo ya mwanga.

Na upepo. Kusi likivuma, mwavuli juu ya stendi ni tanga. Ninabeba mifuko mitupu na kuijaza mchanga palepale, lakini dawa yenyewe ni mtu. Mpwa wangu anashika stendi kwa malipo ya soda na picha za kujiwekea, na anajifunza kuisogeza bila kuambiwa.

Kwenye resi za ngalawa iache nyumbani. Chombo kiko mbali na taa yako haitakifikia. Kwenye taarabu pia. Watu wanakwenda kutunza kwa madaha, mpiga fidla amefumba macho, wewe unawamulika kama askari? ISO 3200, f/1.8, 1/125, ukae kimya.

Yasiyonipendeza: kwenye boksi hamna kishikio cha kuiinamisha pamoja na mwavuli, unakinunua peke yake. Ile taa ndogo ya kuonyesha kivuli kitaangukia wapi ni hafifu, ukumbini huioni. Balbu tupu ni kioo, basi iweke kwenye kikinga chake kila unapoifunga, si baadaye. Kwa wanaopanda ndege, betri ni kama Wh (wati-saa) 42, chini ya kikomo cha kawaida cha 100, lakini ibebe mkononi, usiweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.

Kuna AD200Pro pia, iliyokuja baadaye. Kwa harusi na sherehe zetu sioni haja ya kuongeza pesa hiyo kama ile ya kwanza unaipata mtumba ikiwa safi. Ukienda kuitazama, mwambie muuzaji aiweke nguvu kamili na uipige mfululizo mbele yake: isichelewe zaidi ya sekunde mbili na kidogo kurudi tayari. Kisha chomoa kichwa cha balbu ukitazame kwenye mwanga. Kioo kikiwa na weusi ndani, balbu imeshapigwa sana, na bei ishuke kwa thamani ya balbu mpya.