Deli la barafu la lita 45: nimelitumia kiangazi chote, baridi linashika ila kizibo kinanikera

Wadau wa mshipi, hili deli nimetoka nalo baharini kiangazi kizima na sasa tuko mwishoni, joto ndo limekolea, nikaona niandike maana wengi mnauliza deli gani linastahimili siku nzima kwenye boti. Langu ni lile la plastiki nene lisilo na maungio, kuta zimejazwa povu karibu sentimita 5, mfuniko una mpira pembeni kuzunguka wote na unabanwa na vishikizo viwili. Rangi nyeupe. Likiwa tupu lina kilo 11, kwahiyo likijaa ni mzigo wa watu wawili, usijaribu kulinyanyua peke yako boti ikiwa inayumba.

Mwisho wa kiangazi ndo deli linapimwa kweli. Bahari inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, jua linaanza kupungua makali lakini maji ndo kwanza yamefika joto lake la juu. Samaki wanakula alfajiri kabla jua halijapanda, sasa ukimpata saa kumi na mbili asubuhi na unarudi saa tisa, huyo samaki anashinda humo masaa yote mabaya. Jodari ndo zaidi, mwili wake unatunza joto, akishavutana na mshipi dakika ishirini nyama ya ndani ina moto kuliko maji aliyotoka. Na jodari, nguru, vibua, hawa wana ile ishu ya histamini, bakteria wanaitengeneza samaki akikaa kwenye joto, mtu akila uso unawiva, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, na kupika hakuiondoi, hata umkaange mpaka akauke iko palepale. Deli langu la zamani, lile jepesi la povu tupu, lilinifanya nimwage nguru wawili, nimefungua mchana nakuta maji ya uvuguvugu, tumbo limelegea, unabonyeza kidole kinaacha shimo halirudi. Niliumia sana siku ile, samaki umemtoa mwenyewe baharini afu unamtupa.

Hili nalitumia hivi. Usiku wa kuamkia safari naweka chupa za maji yaliyoganda ndani ili kuta zipoe kwanza (hapa wengi wanaparuka, wanamimina barafu kwenye deli lililoshinda stoo yenye joto, barafu nyingi inaishia kupoza plastiki) alfajiri natoa chupa naweka barafu ya kusaga kilo 15. Samaki akipanda nakata matamvua atoke damu kwenye ndoo, halafu nachota maji ya bahari namimina kwenye barafu mpaka iwe uji. Uji huo ndo wenyewe jamani. Barafu ya mabonge inamgusa samaki sehemu mbili tatu, kwingine kote ni hewa, ila uji unamzunguka mpaka ndani ya mashavu, na kwa vile una chumvi unaweza kushuka chini kidogo ya nyuzi 0.

Juzi nilikuwa na kolekole wa kilo 4 na vibua kadhaa. Saa tisa alasiri nafungua, mfuniko umegoma kidogo kwanza kwa jinsi mpira ulivyobana, naingiza mkono vidole vinauma kwa baridi, kolekole amekakamaa kama ubao, jicho angavu, matamvua bado mekundu, ukisogeza pua unasikia harufu ya bahari tu. Barafu imebaki kama theluthi, na nilishafungua labda mara kumi. Lakini siku hiyo lilikaa chini ya turubai. Siku nyingine nililiacha juani makusudi nione, kufika saa saba vimebaki vipande vichache vinaelea, kwahiyo hata deli zuri linataka kivuli.

Sasa mabaya yake. Kizibo cha chini cha kumwagia maji nyuzi zake za kukazia ni fupi mno, boti ikipigwapigwa na mawimbi kinalegea, na mara ya pili nikakuta uji karibu wote uko kwenye sakafu ya boti na samaki wamelala pakavu. Nimezungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba nikaongeza oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji), tangu hapo hakijavuja tena. Niliwaandikia walioniuzia wakajibu kizibo hakimo kwenye waranti, na hilo sikubaliani nalo kabisa, deli la kwendea baharini kizibo ni sehemu ya deli sio pambo. Skrubu za bawaba nazo waliniambia hazishiki kutu, miezi miwili tu zina madoa ya kahawia, mi nasuuza kwa maji ya bomba kila nikirudi na bado. Halafu urefu wa ndani ni sentimita 55, nguru mrefu haingii mpaka umkate, na mi sipendi kumkata samaki juani.

Kama unatoka alfajiri na kurudi baada ya masaa mawili huna haja nalo, la kawaida na barafu ya kutosha litakufaa. Kwa anayeshinda baharini, chukua, ila uwahi kushughulikia kizibo kabla ya safari ya kwanza. Mi ningeanza upya ningechukua saizi inayofuata kwa ajili ya nguru. Nyota nne, ya tano nimeizuia kwa hicho kizibo.