Seti ya klachi ya Exedy kwenye Hilux yangu ya 1994

Hilux yangu, dizeli yenye injini aina ya 3L, hushusha kabichi kutoka Lushoto mpaka Mombo. Kushuka hakuna shida. Ni kurudi na mbolea kupitia Soni ndiko kunakomaliza klachi. Mwezi wa tatu ikaanza kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani.

Nilishusha gia boksi kwanza, kisha nikapanda basi kwenda Gerezani, Dar es Salaam, na pleti ya klachi ya zamani mkobani. Pale kaunta niliiweka juu ya mpya, nikapima upana na kuhesabu meno ya katikati. Usilipe kabla ya hapo, hata muuzaji akikuapia. Seti ya Exedy, chapa ya Kijapani, nilipewa kwa shilingi 270,000: pleti, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili), rilizi beringi (inayoiachia ukikanyaga pedali) na kijiti cha plastiki cha kusentia, yaani kuiweka pleti katikati sawasawa. Beringi ndogo ya nyuma ya krenki nilinunua kando.

Kijiti hicho nakisifu kuliko vyote. Miaka sita iliyopita mimi na mjomba tulisentia pleti kwa macho, tukasukumana na gia boksi tangu asubuhi hadi magharibi, mikono imechubuka, shafti haioni tundu. Safari hii kijiti kilikaa sawasawa kwenye beringi, nikakaza boli za presha pleti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, hadi 19 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Nikakichomoa. Mimi na kijana wangu tukainua boksi juu ya jeki, na katika jaribio la pili likaingia lote.

Kabla ya kufunga, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya bluu ya joto, nikaipeleka kusawazishwa kwenye karakana ya kuchonga vyuma Korogwe. Ukifunga pleti mpya juu ya flaiwili ya namna hiyo, klachi itatetemeka kila unapoondoka. Na vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo, maana huenda lina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

Kilomita 500 za kwanza sikubeba mzigo mzito. Sasa ni mwezi wa tano, pedali imekuwa laini hata mke wangu ameanza kuliendesha kwenda sokoni. Juzi nimepanda na mifuko 20 ya mbolea, ya kilo 50 kila mmoja, kutoka Mombo hadi nyumbani, na klachi haikuteleza hata kwenye kona za Soni.