Nimeuziwa kibubu kitupu: uzoefu wangu na duka moja la santuri hapa Roma

Jamani, naandika hii hasira bado haijashuka, na najua wapo watakaosema dada wewe unapigia kelele kikaratasi cha kwenye kava la santuri, sawa, lakini someni kwanza mpaka mwisho ndo mniambie. Jina la duka silitaji. Ni duka la santuri za zamani, lipo hapa Roma, inatosha.

Nianzie mbali kidogo maana bila hivyo hamtanielewa. Mimi ni mtu wa Unguja, Kiitaliano nilikiokota Kiwengwa mahotelini, nikaja huku, na kazi yangu ni kulea wazee, ile wenyewe wanaita badante. Mzee niliye naye sasa hivi ana miaka sabini na kitu, miguu imegoma ila masikio mazima kabisa. Ujana wake uliangukia palepale mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati vijana wa Italia walikuwa wanapiga roki ya ajabu, ndefu ndefu, ina vinanda, ina filimbi, ina fidla, rock progressivo ndo jina lake. Siku ya kwanza ananiwekea Storia di un minuto, santuri ya bendi ya Premiata Forneria Marconi (PFM), ya 1972, nilikuwa napiga pasi mashuka. Kuna wimbo humo unaitwa Impressioni di settembre, unaanza taratibu, gitaa na sauti ya mtu anayetembea mashambani asubuhi kwenye ukungu, wewe unasubiri kiitikio kije na maneno yake kama nyimbo zote, maneno hayaji, kinakuja kinanda cha Moog peke yake, yaani ni kama mtu kafungua madirisha yote ya nyumba kwa mpigo mmoja. Pasi nikaiweka pembeni. Nikamwambia Mzee naomba tena, akanielekeza namna ya kunyanyua sindano nisiikwaruze, na tangu siku hiyo mimi ndo mwenye kazi ya sindano.

Ikawa desturi, jioni kazi zikiisha tunaweka sahani moja. Watu huniuliza unastahimilije wimbo wa dakika 18, na mimi nashangaa swali, mtu uliyekulia kwenye taarab, umekaa ukumbini fidla na ganuni zinazunguka weee ndo mwimbaji anyanyuke, halafu watu wanamtunza, halafu anarudia, dakika 18 ni nini?

Sasa tuje kwenye kibubu. Kuna bendi ya hapahapa Roma inaitwa Banco del Mutuo Soccorso, yaani Benki ya Kusaidiana, jina kama la kikoba cha kina mama mtaani. Santuri yao ya kwanza ilitoka 1972 na kava lake halina pembe nne kama makava mengine, limekatwa umbo la kibubu cha udongo, kibubu kabisa kama kile bibi yangu alichokuwa anaficha chini ya kitanda, juu kina kitundu cha kutumbukizia sarafu. Na kwenye kitundu hicho kuna karatasi ndefu nyembamba, ukiivuta zinatoka sura za wale vijana wa bendi, mmoja baada ya mwingine. Mzee aliinunua ilipotoka. Alipohama nyumba kubwa kuja hii ndogo watoto wake wakazibeba santuri nyingi kwenye maboksi zikaenda kuuzwa, na hii ikaenda nazo. Hakuna wiki ambayo hajaitaja. Alikuwa ananionyesha kwa mikono, hivi ndo unashika, hivi ndo unavuta.

Basi birthday yake ilipokaribia nikasema namtafutia, nikaweka hela kidogo kidogo. Zipo zilizochapishwa upya, bei nafuu, lakini nilitaka ile ya zamani yenyewe. Nikapata namba ya duka hili, nikapiga simu. Kwenye simu Kiitaliano changu kimenyooka, hakuna anayejua natoka wapi, na yule bwana alikuwa na adabu mpaka raha, signora huku, signora kule, yaani bibi, ananiita Lei. Msiojua, Waitaliano wana wewe mbili, kuna "tu" ya mtoto au rafiki yako, na kuna Lei ya mtu unayemheshimu, ukimwita kwa "tu" mtu mzima usiyemjua ni kama mtoto kumpita mkubwa wake mlangoni bila shikamoo. Nikamuuliza na ile karatasi ya picha ipo? Akasema signora, kila kitu kimo.

Nikaenda. Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja wa makamo kavaa koti zuri, anahudumiwa kwa Lei, anachekewa, anaonyeshwa hiki na kile. Ikafika zamu yangu. Muuzaji akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, halafu akasema, umetumwa na nani? Kwa "tu". Nikamwambia sijatumwa, mimi ndo niliyepiga simu juzi kuhusu Banco. Akanyamaza kidogo, halafu akasema haya, mwambie signora wako ni euro 120 na bei haishuki. Signora wangu! Mtu kaongea na mimi kwenye simu, sauti ni ileile, akaona uso akaamua aliyeongea ni mwingine.

Nikameza. Nilikuja kwa ajili ya Mzee, nikameza. Akaitoa, akaiweka kwenye mashine dakika moja nisikie, na hapa niseme ukweli, yule mtu santuri anaijua, aliipangusa kwa kibrashi kuifuata mistari yake taratibu, akashusha sindano kama anamlaza mtoto. Nikanyoosha mkono nivute ile karatasi kwenye kitundu, akaivuta kava kwake haraka, usiguse, hiki ni kitu cha thamani. Akaitia kwenye nailoni, akabandika gundi juu. Nikauliza tena, kila kitu kimo? Kimo. Nikatoa zangu 120 noti juu ya noti.

Siku ya birthday nikampa Mzee ikiwa ndani ya nailoni yake vilevile, nikasema afungue mwenyewe. Jamani. Aliipapasa pembeni kwanza, pale kava linapopinda, akainusa, akacheka. Halafu akaingiza kucha ya kidole cha shahada kwenye kitundu akavuta. Hakuna kitu. Akajaribu tena, nadhani alifikiri ni kidole chake kinachotetemeka. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio, unajua vile unavyotikisa kibubu usikie kama senti zimebaki? Kimya. Akaniambia haidhuru mwanangu, haidhuru. Halafu akaanza kuwataja mwenyewe huku amekishika kitundu, Vittorio, Gianni, Francesco, Marcello, Renato, Pierluigi, sita wote, kama mwalimu anaita majina darasani na hakuna anayeitika.

Mimi nikaenda jikoni.

Siku chache baadaye, siku yangu ya mapumziko, nikarudi dukani na risiti. Nikamwambia kwa utulivu kabisa kwamba karatasi haimo. Mnajua alichonijibu? Kwamba yeye hana uhakika kama sikuichomoa mimi nikaiuze pembeni. Mbele za watu! Halafu akaongeza, na kwani nyinyi mnausikiliza huu muziki? Nyinyi. Sikumjibu kwa "tu", nilimjibu kwa Lei neno kwa neno ili asikie tofauti. Nikamwambia Bwana, upande wa kwanza wimbo wa pili unaitwa R.I.P., ni uwanja wa vita watu wameshauana, unaanza mbio, piano na organi zinafukuzana, hao ni ndugu wawili, Vittorio na Gianni Nocenzi, mwishoni mbio zinakwisha inabaki piano na Francesco Di Giacomo anaomboleza, na Di Giacomo tulimpoteza 2014 kwa ajali ya gari, na kila ukifika pale Mzee wangu huniomba nisipitishe hata ufagio. Upande wa pili unaanza na Il giardino del mago, bustani ya mchawi, inakula karibu upande mzima. Nikamuuliza na Wewe Bwana, kwenye simu uliponiambia kila kitu kimo, ulikuwa umekiangalia? Akasema duka halirudishi hela. Basi. Hata pole hakuna. Akamgeukia mteja mwingine, buongiorno, Lei anatafuta nini?

Kwa hiyo nyota sifuri. Sifuri kubwa. Hapo ndo nilitaka kuishia.

Ila nikisema nimeibiwa kabisa nitakuwa nasema uongo, na mimi uongo sitaki. Sahani yenyewe ni safi jamani. Zaidi ya miaka hamsini imepita na sauti inatoka kama imechapwa jana, kwenye ile sehemu ya kuomboleza unasikia mpaka pumzi ya Di Giacomo anapojiandaa, na alikuwa na pumzi yule mtu, bonge la mtu mwenye madevu na sauti nyororo huwezi kuamini vimekaa mwili mmoja. Tumeipiga karibu kila siku, haijaruka hata mara moja. Mzee anasema huo upande wa pili peke yake unatosha 120. Basi nikasema labda nyota mbili. Mtu aliyeitunza sahani hivi hawezi kuwa mbaya moja kwa moja, mkono uleule ulioshusha sindano vile una kitu ndani yake. Halafu nakumbuka "nyinyi mnausikiliza huu muziki" damu inapanda upya, narudisha sifuri. Mkono mzuri wa nini kama unamheshimu bwana wa koti tu?

Na swali lake ndo linaniuma kuliko karatasi, maana jibu lake lilikuwa humohumo dukani kwake. Ukutani nyuma ya kichwa chake aliitundika Arbeit macht frei, santuri ya bendi ya Area, ya 1973. Aliyeimba humo ni Demetrio Stratos, kazaliwa Alexandria, Misri, wazazi Wagiriki, na wimbo wa kwanza unafunguliwa na mwanamke anaongea Kiarabu, halafu inaingia midundo ya kukimbia ambayo mtu wa taarab ukiisikia lazima mabega yaanze kucheza yenyewe. Mimi mara ya kwanza niliisikia nikasema hawa nawajua! Huo muziki haukuwahi kuuliza nani katoka wapi. Anayeuliza ni huyo anayeuuza.

Msinielewe vibaya mkaogopa kuutafuta. Kama hujaanza, anza na hiyo Storia di un minuto, na chukua ya Kiitaliano, wale PFM walitoa pia Photos of Ghosts 1973 kwa Kiingereza na wapo wanaoipenda, mimi hapana, ile lugha imekaa kwenye nyimbo zao kama kiatu cha kuazima. Ukimaliza nenda kwa bendi ya Le Orme, santuri yao Felona e Sorona, ni watu watatu tu lakini wanajaza chumba, ni hadithi ya sayari mbili, moja ina nuru na furaha na nyingine giza na huzuni. Isikilize usiku. Bendi ya Locanda delle Fate, santuri yao ya 1977, mimi inanitosha asubuhi nikichemsha kahawa ingawa Mzee anasema walichelewa, wakati umeshapita. Na Banco, hata ukiipata ya kuchapishwa upya, hata ukiisikilizia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, isikilize. Santuri yao nyingine, Darwin!, nayo ni ya mwaka huohuo 1972, bendi moja, santuri mbili za namna ile ndani ya mwaka mmoja.

Ila mkienda kununua za zamani, hasa ninyi dada zangu mnaofanya kazi majumbani huku, msikubali kuambiwa usiguse. Hela ni yako. Vuta karatasi, fungua kava, hesabu kila kitu palepale mezani kabla hujatoa noti, na akikuita kwa "tu" wewe mwite kwa Lei kwa sauti ya juu wateja wengine wasikie.

Duka nyota moja basi, nimeamua, ya ile sahani. Hapana, hata hiyo moja ni ya Banco, si ya duka.

Kwa sasa nimekata karatasi ngumu ya boksi la pasta, Mzee ameandika yale majina sita kwa mkono wake, herufi zimeyumba kidogo lakini zinasomeka, tumeichomeka kwenye kitundu na kila jioni kabla sijashusha sindano anaivuta. Kama kuna mtu ana ile ya picha imebaki pekee, labda kava lake limeoza au sahani imevunjika, naomba anitumie ujumbe. Nitalipa. Mzee ameshanipimia upana wake kwa rula.