Mashine ya kuoshea mazulia: kabla hujauliza bei, ingiza mkono kwenye tangi

Kila Ramadhani ikikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Dada, ninunue mashine gani ya kuoshea mazulia?" Idd ikishapita, swali linageuka lawama: "Dada, mashine inanuka." Mwaka huu lawama zimezidi. Mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, kaniandikia kwamba zulia lake la majlisi zamani lilikuwa na vumbi tu, sasa lina vumbi na harufu. Mwingine wa Makorora anasema mumewe kaamuru mashine ilale uani, na yeye mwenyewe haoni ubaya wa amri hiyo. Bi mkubwa mmoja wa Ngamiani hakuandika kitu. Kamtuma mjukuu aniletee mashine yenyewe, imeviringishwa kwenye rambo jeusi.

Niliifungua nikiwa uani, na nilifanya vyema. Tangi la maji machafu lilikuwa la plastiki ya kuonea, zuri kwa macho, lakini mdomo wake ni wa kupitisha vidole viwili. Ndani, kwenye ile kona ya chini ambayo maji hayafiki ukisukasuka, pamelala tope la rangi ya chai ya maziwa: mchanga laini, nywele, nyuzi za zulia, punje mbili tatu za wali. Juu yake utando wa mafuta. Nilifunga mswaki kwenye kijiti, haukufika. Nikajaza maji ya moto na sabuni, nikasuka mpaka mikono ikachoka. Maji yakatoka safi na tope likabaki palepale.

Basi mwongozo huu wote unahusu tundu hilo. Wati zimeandikwa kwenye boksi, rangi utaichagua mwenyewe, urefu wa waya utaupima kwa macho. Mimi nauliza jambo moja ambalo muuzaji hapendi kuulizwa: mkono wangu unaingia kwenye tangi la maji machafu, mpaka chini kabisa, au hauingii?

Wengine wataona ni jambo dogo, kwa hiyo nieleze. Mashine hizi zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Pampu inarusha maji ya sabuni kwenye zulia, kisha mota inayanyonya yakiwa na uchafu na kuyatupa kwenye tangi la pili. Ukimaliza unamwaga maji, lakini uchafu mzito haumwagiki, umekwisha kutulia chini. Kwa joto letu hili la Tanga, asubuhi yake umeshachacha. Sasa siku utakayoiwasha tena, hewa yote inayonyonywa inapita juu ya ule uchafu uliochacha, halafu inatoka kwa nguvu nyuma ya mashine, inatapakaa sebuleni. Ndiyo maana watu wanaapa kwamba zulia limeoshwa na nyumba inanuka, na wote wawili, zulia na mwenye nyumba, hawana hatia.

Tena haliishii kwenye harufu. Ndani ya matangi mengi kuna boya linalopanda na maji ili kuziba njia tangi likijaa. Nywele zikilizunguka, ama linaziba mapema, mashine inanguruma bila kunyonya, ama haliinuki kabisa na maji yanapanda mpaka kwenye mota. Na kwenye mfuniko kuna raba. Chembe ya mchanga ikikaa juu ya raba hiyo, hewa inapenya pembeni, nguvu ya kunyonya inapungua, zulia linabaki limelowa. Zulia lililolowa siku mbili wakati wa masika, mwenzangu, unajua linavyokuwa. Tangi lisiloingilika huwezi kulisafisha boya lake, huwezi kuifuta raba yake ya ndani, na hapo shida zote tatu zimezaliwa na tundu moja.

Namba moja: Kärcher SE 4002 (na dada yake SE 4001)

Nasema wazi kwamba nina upendeleo. Hakuna anayenilipa, ningelipwa ningekuwa nayo ya pili. Hii ya njano ni mashine ya nyumbani, wati 1400, tangi la maji safi lita 4. Sababu ya kuipa kiti cha mbele ni moja: unafungua vibanio vya pembeni, unainua kichwa chote chenye mota, unabaki na pipa tupu lililo wazi. Maji machafu yanaingia humo humo kwenye pipa. Unalibeba mpaka bombani, unalisugua kwa mkono na dodoki, unalipindua juani. Kwisha. Hakuna kona iliyojificha.

Kasoro zake ninazijua. Lita 4 ni kidogo kwa majlisi kubwa. Utakwenda bombani na kurudi hadi watoto wakuulize umepotelewa na nini. Inavuta vumbi kavu pia, lakini ukihama kutoka kavu kwenda maji usisahau kutoa mfuko na kuweka chujio linalotakiwa, maana mfuko wa karatasi ukilowa unageuka uji. Na nyingi zinakuja na plagi ya Ulaya ya pini mbili za mviringo. Mpe fundi akufungie plagi ya pini tatu ya ampia 13. Usichomeke kwenye ile adapta ya elfu moja inayolegea, wala kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu: wati 1400 ni kama ampia 6, na waya mwembamba utaanza kunukia plastiki kabla hujamaliza upande mmoja wa zulia. Kuhusu umeme wenyewe, saa nzima ya kazi haifiki uniti moja na nusu ya LUKU, kwa hiyo anayekutisha na bili anakuonea.

Namba mbili: Kärcher Puzzi 10/1

Hii ni mashine ya kazi, ndiyo utakayoikuta mahotelini na kwa waosha magari. Lita 10 za maji safi, lita 9 za machafu, na tangi la machafu linatoka zima, lina mpini, mdomo mpana. Ningeweza kuiweka ya kwanza bila kupepesa macho, ila kwa mtu mmoja mwenye mazulia mawili ni kununua basi la kwendea sokoni. Bei yake inaumiza, na ikijazwa maji inazidi kilo 20. Kuipandisha ghorofani ni adhabu. Lakini kama mko ndugu watatu mtaa mmoja, au mna kikundi cha VICOBA ambacho kila mwaka kinanunua masufuria, hebu fikirini. Mnaosha kwenu, mnaosha madrasa, mnakodisha kwa wenye harusi.

Ya tatu ni George wa Numatic, Mwingereza wa kijani mwenye uso na macho mawili ambaye watoto wanampenda kuliko mashine inavyostahili kupendwa. Pipa lake nalo linafunguka wazi, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko. Ni mzuri. Nimemshusha kwa sababu ya spea tu: kwa hapa mjini sijaona duka linaloziweka, na kitu kikivunjika ni kuanza kumtafuta mtu anayekuja kutoka nje.

Ya nne, Bissell. Za kusimama, zenye brashi inayozunguka chini, zinasugua kapeti la ukuta kwa ukuta vizuri kuliko hizo tatu za juu, hilo siwezi kulikana. Kwa mazulia yetu yenye mashada pembeni ni balaa, brashi inameza mashada na kuyazungusha mpaka yakatike. Matoleo yake ni mengi na matangi yanatofautiana, kwa hiyo lifungue mwenyewe dukani ujaribu mkono. Zile ndogo za SpotClean ni za madoa, viti vya gari na makochi. Usiinunue ukidhani utaosha zulia la futi kumi kwa kumi na mbili.

Jambo ambalo lazima ulitazame kwenye hizi ni kibandiko cha chini. Ndugu wa Marekani wanatuma kwa moyo safi, lakini mashine ya kule imeandikwa 120V 60Hz. Yetu hapa ni 230V 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja mota inaungua, na kununua transfoma ya kubeba mota hiyo ni kuanza kulipia zawadi. Vya mtumba kutoka Japani ni hivyo hivyo, wao ni volti 100. Tafuta iliyoandikwa 220–240V, hata kama ya Dubai.

Nimependa kitu kimoja kwenye kampuni hizi mbili, nikiweka mashine pembeni. Bissell ilianzishwa mwaka 1876. Mwanzilishi wake, Melville Bissell, alipofariki 1889, mjane wake Anna ndiye aliyeshika usukani. Kärcher ni ya 1935. Alfred Kärcher alipofariki 1959, mkewe Irene akaiongoza miaka mingi. Wajane wawili, Marekani na Ujerumani. Huenda ndiyo sababu mtu alikumbuka kwamba tangi litaoshwa na mkono wa mtu.

Za bei ya chini zisizo na jina? Mashine za waja leo waondoka leo. Kama mfuko wako unaishia hapo, nunua brashi ngumu na ndoo, walipe vijana wanaoosha mazulia juani, na pesa iliyobaki ule samaki.

Wauzaji, sasa

Sijaandika bei hata moja, na sababu si uvivu. Ni kwamba wauzaji wenyewe hawaziandiki. Unaona picha nzuri mtandaoni, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox dia". Ukienda inbox unaulizwa uko wapi. Ukisema Tanga, bei inapanda kabla haijatajwa. Mimi na shoga yangu tuliuliza mashine ileile kwa muuzaji yuleyule, dakika zilezile, kila mtu akapewa bei yake. Dola ikipanda wanakueleza habari za dola. Shilingi ikipata nguvu, ghafla huu ni "mzigo wa zamani".

Halafu lile onyesho lao. Wanamwaga soda kwenye kipande cha zulia jipya, wananyunyiza, wananyonya, doa limetoka, watu wanashangilia. Doa la dakika moja hata kitambaa kinalitoa! Nani ameonyesha tangi baada ya wiki? Na ukiomba kufungua, "dada boksi haliruhusiwi kufunguliwa". Ikitoka Dar kwa basi inakuja zaidi ya kilomita mia tatu chini ya mizigo ya watu, inafika kibanio kimevunjika; muuzaji anasema waulize wa basi, wa basi wanasema muulize muuzaji. Ndiyo maana nasisitiza risiti ya EFD, tena iliyoandikwa jina la mashine, isiwe "vifaa vya nyumbani".

Ukishaipata

Fagia au vuta vumbi kavu kwanza, pande zote mbili za zulia. Mchanga wa Raskazone ukikutana na maji unakuwa tope, na tope hilo ndilo litakalokwenda kulala kwenye tangi. Jaribu sabuni kwenye kona iliyofichika uone rangi kama inatoka. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye beseni: povu lake linajaa tangi, linapita boya, linaingia kwenye mota, na linalobaki kwenye zulia linanata na kukamata vumbi upya. Nunua ya mashine isiyotoa povu, fuata kipimo cha kwenye chupa. Maji yawe vuguvugu, si ya kuchemka.

Anzia kona ya mbali, uje mlangoni. Mvuto mmoja wa kunyunyiza, miwili au mitatu ya kunyonya tu bila maji. Tazama kwenye ile plastiki ya kuonea ya kichwa cha kunyonyea: matone yakiwa bado yanapanda, rudia, yakikoma, songa mbele. Watu wanalowesha kwa furaha na kunyonya kwa haraka, kisha wanakilaumu kiwanda. Kazi ifanye asubuhi, madirisha wazi, pangaboi juu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, zulia linakauka siku hiyo hiyo. Aprili na Mei usijisumbue.

Zulia la mkonge usiliguse kabisa na mashine hizi. Mkoa huu unalima mkonge tangu 1893, ila bado naona watu wanalimwagia maji zulia la mkonge kama jamvi la plastiki. Nyuzi zinakunywa maji, zinavimba, zikikauka zinajikunja na kuacha doa la duara. Hilo ni la kufagia, kupiga na kufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Ukimaliza, nyonya nusu ndoo ya maji safi ili mpira wa kunyonyea ujisuuze ndani. Mwaga, ingiza mkono, sugua kwa sabuni ya vyombo, ukiona bado pananukia weka siki kidogo. Jiki hapana, inakausha raba, na ikibaki ndani itakuja kuchubua rangi ya zulia siku nyingine. Toa nywele kwenye boya kwa vidole. Futa raba ya mfuniko pande zote. Halafu usifunge, iache wazi mpaka ikauke kabisa, na uiweke ndani, si barazani inakopigwa na upepo wa chumvi, maana pini za plagi zitaota kutu.

Raba nunua mbili siku ileile ya kununua mashine. Mafundi wetu wanakata mbadala kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, na inashika, lakini si kwa muda mrefu. Nilipokwenda kuulizia ya ziada, duka moja hapa mjini lilinijibu kwamba raba haiuzwi peke yake, ninunue mfuniko mzima. Mfuniko nao haupo. Labda mwezi ujao, na bei yake niende inbox.