Mshumaa wa Pasaka wa nta ya nyuki: nta safi, utambi mwembamba

Kigango chetu cha Kikatoliki kiko nje kidogo ya mji wa Dodoma, barabara ya Singida. Miaka yote tumetumia mshumaa wa Pasaka wa dukani: mweupe, wa parafini (nta ya kiwandani), msalaba na mwaka vimebandikwa kwa stika. Mwaka 2024 ile 4 ilidondoka kwenye ule moto wa mkesha unaowashwa nje, kabla hatujaingia kanisani. Tukakesha na mwaka 202.

Kilichonikera mimi zaidi ni kuimba. Paroko akimaliza Juma Kuu sauti imekwisha, basi Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu wa mkesha unaoimbwa mbele ya mshumaa, huangukia kwangu. (Si shemasi wala padre, kwa hiyo ile "Bwana awe nanyi" naiacha.) Wimbo ule, kwa Kilatini chake, unamtaja nyuki mara mbili: kwanza mshumaa unatolewa kwa Mungu kama kazi ya nyuki, halafu inasifiwa nta inayoyeyuka kuulisha moto, nta aliyoizaa nyuki mama. Nami nayaimba hayo mbele ya parafini! Ni kama kusifia nyama ya Kongwa huku sahani yako ina soya. Tena Roma iliagiza mwaka 1988, mshumaa huu uwe wa nta, usiwe wa bandia.

Kwa Pasaka ya 2025 nikaenda kwa mama mmoja anayeuza asali sokoni; nta yake hutoka upande wa Manyoni. Kwa shilingi 65,000 alinitengenezea mshumaa wa sentimita 60, kilo mbili na robo. Rangi ya ugoro uliokolea. Mzee mmoja wa kigango aliuliza kama tumeuokota kwenye moshi.

Yule mama alinifurahisha bila kuombwa: alitoboa matundu matano ya chembe za ubani zinazochomekwa kwenye mshumaa. Miaka mingine padre huzisukuma kwa dole gumba mpaka mshumaa unapasuka. Safari hii ziliingia zenyewe. Msalaba, Alfa, Omega na tarakimu za mwaka padre alizichora kwa kisu kidogo, na nta ikakubali kama sabuni ya kipande.

Sasa harufu. Usiku wa tarehe 19 Aprili tuliingia kanisani gizani, "Mwanga wa Kristo" mara tatu, kila mara juu kidogo. Spika nilikwishaomba zizimwe na kinanda kinyamaze. Niliposimama kwenye mimbari, mshumaa uko mkono wa kulia, hatua moja, ile harufu ya mzinga ikanijia puani. Nimeimba Mbiu mara nyingi, lakini hapo nilipofika kwa nyuki sikuhitaji kutia mbwembwe yoyote. Niliimba polepole, sauti ya chini, na watoto wa mbele wakageuka wote kuuangalia mshumaa.

Ndipo utambi ukaniangusha. Ni mwembamba mno kwa mshumaa mnene hivi: unachimba kisima katikati, nta inajaa, moto unazama. Kufika pale pa nta inayolisha moto, moto wenyewe ulikuwa unazamishwa na nta hiyo hiyo, umebaki kama punje ya mtama. Msakristi, mtunza vifaa vya ibada, alisubiri nimalize, akauinamisha, akamwaga nta kwenye kisahani. Zulia la WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) lilipata matone yake, na kesi hiyo bado inaendelea.

Baada ya wiki mbili ulitoka unga mweupe juu. Mama wa usafi alidhani ni ukungu, akataka kuuosha kwa Omo. Si ukungu, nta halisi hufanya hivyo. Futa kwa kitambaa laini kikavu.

Ukiagiza, mwambie mama wa asali kabla ya Kwaresima, maana anatengeneza peke yake. Usiupakie bodaboda saa saba mchana. Mimi niliufunga kwenye kanga, nikaupakata kwenye bajaji. Wa mwakani nimeshauagiza. Utambi nimempelekea mwenyewe, nyuzi za pamba zilizosukwa, unene wa kamba ya kiatu.